Manute Bol: Mchunga ng'ombe aliyewavuruga maskauti wa NBA

Kijana akirefuka kuwapita wenzake pale Endamarariek, wilayani Karatu, au kwenye kijiji kingine chochote cha Tanzania, kazi yake kwenye soka inajulikana kabla hajagusa mpira. Anapelekwa golini. Hakuna anayeuliza kama ana pasi, hakuna anayeuliza kama anaweza kupiga chenga. Urefu umeshamsemea.

Manute Bol naye alianzia kwenye soka. Ilikuwa 1972, kusini mwa Sudan, na aliliacha kwa sababu mwili ulikuwa unapanda tu, haukuwa tena mwili wa kukimbizana na mpira chini. Miaka 13 baadaye alikuwa NBA, ligi kubwa kuliko zote za kikapu duniani, akiwa na futi 7 na inchi 7, yaani sentimita 231. Akinyoosha mikono pande zote mbili, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole ilikuwa mita 2.59. Goli la soka lina kimo cha mita 2.44. Ringi ya kikapu ipo mita 3.05 kutoka chini na jamaa aliigusa bila kuruka.

Kwa mwili huo ungedhani kazi ya skauti ilikuwa rahisi kama kumsukuma mlevi. Wapi! Kuanzia 1982 hadi 1985 Manute alitazamwa, akatiliwa shaka, akachaguliwa, akakataliwa, akachaguliwa tena, na karibu kila aliyempima alikosea mahali.

NG'OMBE, SIMBA NA MENO

Alizaliwa Turalei, kijiji cha Wadinka ambacho leo kipo Sudan Kusini. Kwao urefu haukuwa maajabu. Baba yake, Madute, alikuwa na futi 6 na inchi 8. Mama alimzidi baba, futi 6 na inchi 10. Mmoja wa mababu zake anatajwa kufika futi 7 na inchi 10. Jina Manute lina maana ya baraka ya pekee, na kwa Wadinka baraka nyingine zote zinahesabiwa kwa ng'ombe. Utotoni kazi yake ilikuwa hiyo, kuchunga.

Huko ndiko inakotoka stori maarufu ya simba. Kwa masimulizi yake mwenyewe, akiwa na miaka 15 alimkuta simba aliyekuwa akila ng'ombe wa familia, akamuua kwa mkuki. Akaongeza kwamba simba mwenyewe alikuwa amelala. Wamarekani waliichukua stori hiyo wakaifanya ya sinema. Wadatoga na Wamasai wa upande wa Karatu na Ngorongoro wasingeshtuka sana, kwao mkuki, ng'ombe na simba ni mambo ya nyumbani.

Kikapu alikikuta akiwa tayari kijana mkubwa. Ndugu yake alimshawishi ajaribu, akaanzia mji wa Wau, kisha akaenda Khartoum. Danki yake ya kwanza iliacha kumbukumbu mbaya: wakati anashuka meno yakanasa kwenye ringi na nyavu, mengine yakabaki huko. Kule Khartoum kulikuwa na tatizo lingine lisilohusu mchezo. Mtu wa kusini, tena mweusi wa kuchunga ng'ombe, alidharauliwa na wengi wa kaskazini. Alicheza hivyo hivyo, hadi timu ya taifa.

Mwaka 1982 kocha Mmarekani, Don Feeley, wa chuo cha Fairleigh Dickinson, alienda Sudan kufundisha. Akamuona Manute. Mtu yeyote angemuona, hilo halina ubishi. Kilichomtofautisha Feeley ni kwamba alitazama miguu na macho pia. Aliona jamaa anajua muda wa kunyanyua mkono, haparamii mpira hovyo. Akamshawishi aende Marekani.

PASIPOTI YA MTU MFUPI

Hapa ndipo vituko vilipoanza. Kwenye pasipoti ya Manute urefu uliandikwa futi 5 na inchi 2, sentimita 157. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba maofisa walimpima akiwa amekaa. Kwa hiyo karatasi rasmi ya serikali ilisema mmoja wa watu warefu kuliko wote kwenye kikapu ni mfupi kuliko Shiza Kichuya.

Umri ndiyo ulikuwa shida kubwa zaidi. Tarehe rasmi ya kuzaliwa ni Oktoba 16, 1962, lakini Turalei ya miaka hiyo haikuwa na ofisi ya vizazi na vifo, na mwenyewe hakuwa anaijua tarehe yake. Miaka mingi baada ya Manute kufariki, Kevin Mackey, aliyekuwa kocha wa chuo cha Cleveland State, alidai kwamba tarehe ile aliitunga yeye, na kwamba jamaa alikuwa mkubwa zaidi, pengine kwa miaka mingi sana. Shabiki wa soka la Tanzania ambaye ameshabishana kuhusu vijeba kwenye timu za vijana hahitaji kuelezwa ugumu wake. Tofauti ni moja tu. Kijeba wa kwetu anapunguza miaka ili acheze na watoto. Manute alikuwa anakwenda kucheza na wakubwa, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kuthibitisha lolote.

Kwa skauti, umri ndiyo kila kitu. Dogo wa miaka 19 mwenye kilo 82 unasema atajaza mwili, mpe miaka mitatu. Mtu mzima mwenye kilo hizo hizo unasema ameshafika mwisho, huyo ndiye utakayekuwa naye. Manute alitua Marekani akiwa na kilo zipatazo 82 kwenye urefu wa sentimita 231. Chukua kilo za beki wa pembeni uzitandaze kwenye mlingoti.

Aliyeamua kubeti ni Jim Lynam, kocha wa San Diego Clippers wakati huo. Feeley alimpigia simu, na kwenye drafti ya 1983 Clippers wakamchukua Manute raundi ya tano, namba 97. Ligi ikafuta. Pasipoti ilisema ana miaka 19, na kijana wa umri huo alitakiwa atangaze nia yake siku 45 kabla, jambo ambalo halikufanyika. Karatasi ile ile iliyomfanya mfupi sasa ikamfanya mdogo.

Cleveland State nako hakucheza hata mechi moja. Kiingereza chake cha kuandika kilikuwa bado, akapelekwa kusoma lugha Case Western Reserve na bado vigezo havikutimia. Baadaye chuo hicho kiliadhibiwa miaka miwili kwa misaada ya fedha isiyoruhusiwa waliyopewa yeye na wachezaji wengine wawili wa Kiafrika.

Akaishia Bridgeport, jimbo la Connecticut, chuo cha daraja la pili. Msimu wa 1984/85 alikuwa na wastani wa pointi 22.5, ribaundi 13.5 na bloku 7.1 kwa mechi. Timu ikashinda 26, ikapoteza 6. Ukumbi ambao zamani ulikuwa na viti vitupu ukawa unajaa hadi watu wanarudishwa mlangoni.

Namba nzuri. Lakini skauti mwenye akili anajiuliza swali lile lile ambalo Simba au Yanga wanajiuliza wanapoletewa straika mwenye mabao 25 ya ligi ya chini: aliwafunga nani? Mabeki wa Bridgeport na wenzake walikuwa vijana wa sentimita 195 wanaojiandaa kuwa walimu na wahasibu. Kule NBA alikuwa anamsubiri Moses Malone.

MREFU NA WAFUPI

Kabla ya drafti ya pili, Mei 1985, Manute alisaini timu ya ligi ndogo ya kiangazi, Rhode Island Gulls. Alitaka pesa haraka. Sudan ilikuwa imechafuka, vita vya kusini vilikuwa vimeanza 1983, na alikuwa na dada yake alitaka kumtoa kule.

Kwenye timu hiyo alikutana na dogo mwingine aliyewachanganya maskauti kwa sababu ya upande wa pili kabisa. Spud Webb, pointi gadi aliyetoka chuo cha North Carolina State, alikuwa na sentimita 168 hivi. Pointi gadi ni yule anayepandisha mpira, anagawa, anaamua timu icheze kwa kasi gani. Mfikirie kama namba 10 na namba 6 ndani ya mtu mmoja. Kumpima gadi wa chuo ni kazi ngumu kuliko kumpima senta, kwa sababu vitu vyake vikubwa havipo kwenye futi: anaona nini kabla wenzake hawajaona, mpira unamganda kiasi gani akibanwa, mwili wake utahimili vipi akigongwa na watu wa kilo 110 usiku baada ya usiku. Maskauti waliona kimo wakafunga daftari. Webb alichukuliwa raundi ya nne, namba 87, na Detroit Pistons, ambao hawakubaki naye. Akaenda Atlanta Hawks, na Februari 1986 akashinda shindano la madanki la NBA mbele ya mtetezi, Dominique Wilkins, mchezaji mwenzake. Mtu wa sentimita 168!

Watanzania wana mfano wao. Drafti ya 2009, Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye sentimita 221, aliitwa namba 2 na Memphis Grizzlies baada ya kung'ara chuo cha Connecticut. Nchi nzima ilishangilia, na ilikuwa sahihi kushangilia, kwani hakuna Mtanzania aliyewahi kufika pale. Namba 7 usiku ule alikuwa gadi mwembamba kutoka chuo kidogo cha Davidson, ambaye ripoti zilisema mwili wake mdogo na pengine hatoshi kuwa pointi gadi. Stephen Curry. Sita waliitwa kabla yake. Kosa halikuwa la Hasheem hata kidogo, yeye hakujichagua. Ni kwamba urefu unaonekana ukiwa umekaa jukwaani, na jicho la kuona pasi halionekani.

Turudi 1985. Namba 1 ilikuwa ya Patrick Ewing, hakuna aliyebisha. Manute alisubiri raundi ya kwanza ikaisha. Washington Bullets wakamchukua raundi ya pili, namba 31.

KILO 20

Bullets hawakumpeleka uwanjani kwanza, walimpeleka jimu. Alikabidhiwa kwa Frank Costello, mtaalamu wa nguvu wa chuo cha Maryland. Inaelezwa kuwa siku za mwanzo Manute aliweza kunyanyua kilo 20 tu kifuani kwa mara kumi, na kuchuchumaa na kilo 25. Kilo 20 ni chuma kitupu, kabla hujaweka sahani hata moja. Wavulana wa sekondari wanapiga zaidi ya hapo.

Akala, akanyanyua, akala tena. Msimu ulipoanza bado alikuwa mwembamba, lakini alisimama.

Na kilichotokea msimu wa 1985/86 hakikuwa kwenye ripoti ya mtu yeyote. Mechi 80, bloku 397. Wastani wa 5.0 kwa mechi, rekodi ya mchezaji mgeni ambayo hakuna aliyeifikia hadi leo. Pointi zake 3.7, ribaundi 6.0. Alichaguliwa kikosi cha pili cha walinzi bora wa ligi. Januari 1986 dhidi ya Atlanta alizuia mitupo 15 kwenye mechi moja, na mwaka uliofuata akarudia 15 dhidi ya Indiana.

Anayefuatilia soka ataelewa kirahisi zaidi kwa mfano wa kipa anayetoka. Kuna makipa ambao straika akibaki naye uso kwa uso anaanza kufikiria, na akishafikiria tu amekwisha. Manute alikuwa hivyo. Zile bloku 397 ni zilizohesabiwa. Hazijahesabiwa pasi zilizorudishwa nyuma na mitupo iliyopaa kwa woga, wala gadi aliyeingia mbio kwenye boksi akaona ule mkono, akageuza kama aliyesahau kitu nyumbani.

Upungufu ulibaki. Wapinzani walimsukuma, hakuwa na mwili wa kuzuia kusukumwa. Mikono haikudaka vizuri. Kwenye kushambulia alikuwa mzigo na makocha walilijua hilo, ndiyo maana dakika zake zilipanda na kushuka. Maskauti waliosema hatakuwa nyota hawakudanganya. Walichokosa ni kujua kwamba kitu kimoja tu, ukikifanya kuliko binadamu wote, kinaweza kukuweka ligini miaka kumi.

Mwaka 1987 Bullets wakafanya jambo ambalo wapiga picha waliwashukuru. Namba 12 ya drafti walimchukua Muggsy Bogues, pointi gadi wa chuo cha Wake Forest, sentimita 160. Mfupi kuliko wote waliowahi kucheza NBA, kwenye timu moja na Manute, tofauti ya sentimita 71. Watu waliona kama sarakasi ya kuuza tiketi. Waliposimama pamoja, kichwa cha Bogues kilifika kiunoni kwa Manute. Lakini Bogues alikuwa gadi kweli kweli: mpira ukidunda zaidi ya mara moja mbele yake umeshapotea, na hakuna aliyeweza kumpokonya wa kwake kwa sababu ulikuwa chini mno. Alikaa Washington msimu mmoja, akaenda Charlotte Hornets, na jumla akacheza NBA misimu 14. Yule mtu wa sarakasi.

POINTI TATU

Juni 1988 Manute alipelekwa Golden State Warriors. Kocha Don Nelson, mzee wa mambo yasiyotarajiwa, akamruhusu afanye kitu ambacho mahali pengine angefukuzwa mazoezini: atupe kutoka nje, pointi tatu. Alitupa kwa mikono yote miwili kutoka juu ya kichwa, kama mtu anayerusha mpira wa kurusha pembeni mwa uwanja. Msimu ule alitupa 91, zikaingia 20. Asilimia si ya kujisifia. Lakini kila aliposhika mpira nje ya mstari ukumbi mzima ulimwamuru atupe, na ikiingia watu wanapagawa. Huku nyuma aliongoza ligi nzima kwa bloku 345.

Mwaka 1990 akaenda Philadelphia 76ers, akawa rafiki wa Charles Barkley. Barkley akauzwa Phoenix Suns 1992. Machi 3, 1993 Sixers wakatua Phoenix, na kipindi cha pili Manute akatupa pointi tatu 12, akafunga 6. Barkley yupo upande wa pili anatazama. Vitu hivyo hata ukipewa daftari na miaka kumi ya kuandika ripoti huwezi kuviweka.

Magoti na maumivu vikammaliza. Alipita Miami, akarudi Washington na Philadelphia kwa muda mfupi, akafunga kazi ya NBA na Golden State Novemba 1994. Mechi 624. Bloku 2,086, pointi 1,599. Katika historia ya ligi hiyo ni yeye pekee aliyemaliza kazi akiwa amezuia mara nyingi kuliko pointi alizofunga. Baadaye alijaribu Italia na Qatar, ila mwili ulikuwa umegoma.

PESA ILIKOKWENDA

Katika miaka yote hiyo simu yake haikuacha kulia kutoka nyumbani. Vita vya Sudan vilikuwa vinaua na kufukuza watu kwa mamilioni, na Turalei haikusalimika. Manute alikuwa akisafiri kwenda kambi za wakimbizi wakati wenzake wapo mapumziko. Inakadiriwa kwamba katika dola milioni 6 hivi alizolipwa NBA, zaidi ya nusu, kama dola milioni 3.5, zilienda kwa watu wake na kwa harakati za kusini.

Baada ya mkataba wa amani wa Khartoum wa 1997 alikuwa huko. Aliahidiwa uwaziri wa michezo, inaelezwa kwa sharti la kubadili dini, akakataa. Kutoka hapo maisha yakawa mabaya. Serikali ilimwona mpelelezi wa Wamarekani na ikamzuia kuondoka. Mtu aliyekuwa akijaza kumbi za Marekani alikuwa anauza samani za ndani ili watoto wale. Marafiki wa Connecticut, akiwemo seneta Joe Lieberman, walihangaika hadi akatoka kupitia Cairo na kurudi Marekani 2002 kama mkimbizi.

Mwaka huo huo watu walimuona kwenye televisheni akipigana ngumi na William Perry, nyota wa zamani wa mpira wa Kimarekani, bonge la mtu lililoitwa Jokofu. Wengi walicheka, wengine wakasema amefilisika mpaka amekuwa kichekesho. Alikubali pambano kwa sharti kwamba kituo kioneshe namba ya simu ya taasisi yake ya kuwachangia Wasudani. Alishinda, na pesa ikaenda huko. Akasaini mkataba wa siku moja na timu ya hoki ya barafu ingawa hakujua kuteleza. Akakata leseni ya kupanda farasi wa mashindano, na farasi mwenyewe sijui angepatikana wapi wa kumbeba.

Julai 2004 teksi aliyopanda ilipata ajali Connecticut, akarushwa nje, shingo ikavunjika. Hakuwa na bima. Barkley na wengine wa zamani walimchangia. Alipona kiasi, akahamia Olathe, Kansas, na akaendelea kurudi Sudan kujenga shule Turalei, shule ambayo Wakristo na Waislamu waliijenga bega kwa bega.

Mapema 2010 alikuwa kule, na akaombwa abaki hadi uchaguzi wa Aprili. Alibaki huku figo zikiwa zinamsumbua. Alipotoka hali ilikuwa mbaya, akapata pia ugonjwa mkali wa ngozi unaotokana na dawa. Alifariki Juni 19, 2010 hospitalini Charlottesville, Virginia. Ibada ikafanyika kanisa kuu la Washington, mwili ukarudishwa Turalei. Mwaka mmoja na siku 20 baadaye, Julai 9, 2011, Sudan Kusini ikawa nchi.

Kuna mtoto wa Kidinka aliyefundishwa kikapu na Manute wakati familia yake ikiwa ukimbizini Misri. Anaitwa Luol Deng. Alikuja kuwa namba 7 ya drafti ya 2004, akacheza NBA miaka 15, kisha akawa rais wa shirikisho la kikapu la Sudan Kusini. Nchi hiyo isiyo na kumbi za maana ilicheza Olimpiki ya Paris 2024 na kuifunga Puerto Rico.

Na kuna mtoto wake wa kumzaa, Bol Bol, aliyezaliwa Khartoum 1999. Akiwa chuo cha Oregon, sentimita 218, anatupa pointi tatu kama gadi na anazuia kama baba yake, alitajwa miongoni mwa vijana wa kwanza kabisa wa drafti ya 2019. Akacheza mechi 9, mguu ukaumia. Ripoti zikajaa maneno: mwembamba, mguu hautahimili, hana nguvu. Usiku wa drafti alikaa ukumbini amevaa suti yake, majina yanaitwa, wenzake wanainuka kukumbatiwa, meza zinabaki tupu. Raundi ya kwanza ikaisha. Jina lake lilipokuja kusomwa ilikuwa namba 44, nafasi 13 nyuma ya pale alipochukuliwa baba yake mwaka 1985.